Mwanamke Aliyekataa Kutupatanisha

Siku hizi watu wa Nyamira wakimtaja Mshauri husema alikuwa mtu mpole. Hulisema neno hilo polepole, vichwa vimeinama kidogo, na mimi nikiwasikia damu hunichemka. Hakuwa mpole. Niliwahi kumwona akimfukuza mzee wa kanisa kutoka chumbani mwake, mkononi ameshika gambuti, buti lake la mpira, limejaa matope, na mzee yule asingeondoka upesi nadhani lingempata mgongoni. Wanaomwita mpole ni walewale waliomwondoa kazini, na wengine ni watoto wao. Mtu akishanyamaza ni rahisi kumfanya mpole.

Nilimjua kwanza kama mgonjwa wake, baadaye kama rafiki, mwishowe kama mtu ambaye ningeweza kugombana naye leo na kesho tukachuma chai pamoja. Alifanya kazi katika hospitali ya misheni, miaka michache baada ya uhuru. Alikuwa muuguzi, akapelekwa Nairobi kusomea kushauri watu, na aliporudi hospitali haikujua imweke wapi. Ikampa chumba cha mwisho kabisa, nyuma ya maabara. Madaktari walimpelekea watu waliowashinda. Mwanamke aliyeumwa kichwa mwaka mzima na dawa zote zimekataa. Mzee aliyerudi kutoka vita vya Burma na bado akisikia mlango ukibamizwa hujitupa chini ya meza. Na mimi, mwalimu wa darasa la tatu, niliyekuwa nikizimia mbele ya watoto.

Daktari alisema ni malaria. Malaria ilipotibiwa na mimi nikaendelea kuanguka, akasema huenda ni kifafa. Mchungaji alisema ni pepo, nikawekewa mikono kichwani na kuombewa mpaka shingo ikaniuma. Mwalimu mkuu alisema ni wanawake tu, hawana moyo wa kazi. Wote hawa walinitazama mimi. Mshauri peke yake ndiye aliyetaka kujua nje ya dirisha kulikuwa na nini.

Aliniuliza siku niliyoanguka jua lilikuwaje, upepo ulitoka wapi, majirani wa shule walikuwa wakifanya nini shambani. Nilimjibu kwa ukali kwamba majirani walikuwa wakichoma mabua ya mahindi, kama watu wote wanavyofanya baada ya kuvuna, na hilo linamhusu nini. Aliniacha nijisikie mwenyewe nilichosema. Nikaanza kutetemeka pale kitini.

Nieleze sababu. Baba yetu alikuwa amekufa zamani, na mama alibaki katika boma lake, amepakana na baba yangu mdogo. Mwaka mmoja, kabla sijaanza kuzimia, mtoto wa baba mdogo alikufa kwa surua. Watoto wengi walikufa kwa surua mwaka ule, katika kila kijiji. Lakini baba mdogo alikwenda kwa omoragori, mpiga ramli, akarudi na jibu alilolitaka: aliyemwua mtoto ni mjane jirani yake. Mjane huyo alikuwa na shamba zuri lenye chai changa, na hakuwa na mtoto wa kiume.

Baba mdogo na wenzake walikuja mchana. Watu wenye aibu huja usiku. Hawa hawakuona haya. Walifunga mlango wa mama kwa kamba kutoka nje na kutia moto paa la nyasi. Mama alitoboa ukuta wa nyuma kwa jembe, akatoka nywele zimeungua na mikono imebabuka, akakimbilia kwenye migomba. Nilipofika kutoka shuleni nilikuta moshi bado unapanda, na watu wamesimama barabarani wakitazama. Niliwajua kwa majina. Askari walipokuja kuuliza, hapakuwa na hata mmoja aliyeona kitu. Msimu uliofuata baba mdogo alikuwa akichuma chai ya mama, na siku ya Sabato anaongoza kwaya kanisani.

Hayo yote sikuweza kumwambia Mshauri kwa Ekegusii. Nilijaribu, nikashindwa. Katika lugha ile ndimo nilimosikia watu wakimwita mama omorogi, mchawi, na katika lugha ile ndimo mama alimolia. Mshauri aliona nahangaika, akaniambia nitumie Kiswahili. Nilishangaa. Kiswahili kwetu kilikuwa cha shuleni, cha askari na cha Wahindi wa madukani Kisii. Lakini nikakijaribu, na ajabu ni kwamba kilinibeba. Hakikuwa na harufu ya nyumbani. Nilisema "nyumba ya mama yangu ilichomwa" kama mtu anayesoma sentensi ubaoni, kisha nikasema nyingine, na nyingine. Miezi ilipita kabla sijayasema yaleyale kwa Ekegusii, na siku hiyo nililia mpaka nikatapika. Mshauri alinishikia beseni. Ndiyo sababu hata sasa naandika kwa lugha hii.

Chumba chake kilikuwa na mambo yake. Alikuwa ameng'oa komeo la mlango. Viti havikuwa na mahali maalumu. Mgonjwa alichagua akae wapi, na wengi, bila kujua, walikaa wakiutazama mlango. Hakuvaa sare nyeupe, alisema kuna watu ambao sare inawakumbusha sindano na kelele. Hakugusa mtu kabla ya kuomba ruhusa, hata mtoto. Na neno pole halikutumika mle ndani. Nilimuuliza kwa nini, maana kwetu mtu asiyesema pole huonekana hana utu. Akasema pole ni nzuri barabarani, lakini chumbani watu huitumia kumnyamazisha anayesema.

Aliuliza maswali ambayo daktari hakuyajali. Unalala upande gani. Unaamka saa ngapi na unasikia nini kwanza. Unakula peke yako au na wengine. Nani hukutekea maji. Baada ya moto ule mimi nilikuwa siwezi kupika kwa kuni, na kwa aibu nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba sina njaa. Aliligundua hilo kwa kuniuliza tu chakula changu cha mwisho kilikuwa nini. Akaniazima jiko lake la mafuta ya taa, mwenyewe akawa anakula ndizi baridi. Kisha akaanza kuniketisha karibu na moto kidogo kidogo, nyumbani kwake, mlango wazi, tukikaanga njugu. Nikisema basi, tunatoka nje. Hakuwahi kusema tungoje kidogo.

"Mwili wako haujui kwamba moto umezimika," aliniambia siku moja. "Wewe unajua, wenyewe haujui. Usiugombeze."

Mwili wake yeye aliugombeza sana. Alikunywa chai nyeusi tangu asubuhi, alisahau kula, alitembea na gambuti hata kiangazi, na kikohozi alichokuwa nacho hakukionyesha kwa daktari. Alitafuna miwa njiani kama mtoto wa shule, akitema makapi kando ya barabara, na wake za wachungaji wakamsema. Kwa wagonjwa alikuwa na subira isiyokwisha. Kwa mwenye duka aliyemcheleweshea chenji alikuwa moto wa kifuu. Na dada yake wa tumbo moja hakuwa akisemezana naye. Nilipojaribu kuuliza, alinitazama kwa namna ambayo sikurudia. Nilikasirika. Mimi alikuwa ananijua mpaka ndoto zangu, na yeye kwangu amefungwa. Nilimwambia hivyo. Akasema kwamba mimi sikuajiriwa kumsikiliza, na tukakaa wiki nzima tunasalimiana kwa mbali.

Lakini alikuwa tayari kutembea. Alipomaliza nami alikwenda kumwona mama, aliyekuwa amehifadhiwa na mjomba wangu karibu na Mosocho. Mjomba alikuwa mtu mwema, amempa mama kibanda cha jikoni, godoro na blanketi. Akalalamika kwamba mama hashukuru, maana analala ameketi, mgongo ukutani, na jembe mapajani. Alidhani labda akili zimeguswa.

Mshauri aliingia kile kibanda, akakaa na mama kwa muda mrefu, kisha akatoka akauzunguka ukuta wa nje akiupapasa. Akamwita mjomba. Alimwambia kwa heshima zote kwamba anaomba ukuta wa nyuma utobolewe na uwekwe mlango wa pili. Mjomba alicheka. Akasema hajawahi kuona jiko lenye milango miwili, na mvua itaingia. Mshauri akamuuliza kama yeye angefungiwa ndani ya nyumba inayoungua angependa kulala tena katika nyumba ya namna gani. Mjomba hakucheka tena. Alikwenda mwenyewe kutafuta mbao. Mlango ulipowekwa, mama aliufungua na kuufunga mchana kutwa kama mtu anayejaribu kiatu. Usingizi wa kulala chali aliupata katika kibanda kile, na alikataa kukihama hata mjomba alipomjengea nyumba ya mabati.

Hicho ndicho wazee wa kanisa walichokiita baadaye mafundisho ya kigeni. Mlango!

Sasa niseme walivyomtenda.

Mwaka wa pili baada ya moto, wazee wa kanisa waliamua kwamba jambo letu linatia doa. Mgeni mkubwa wa misheni angekuja, na kiongozi wa kwaya hakutakiwa kuwa na minong'ono nyuma yake. Wakapanga ibada ya upatanisho. Mama angeletwa, angesimama mbele, angempa baba mdogo mkono, kusanyiko lingeimba, na kila mtu angekwenda kula. Wakamwita Mshauri wamtume amwandae mama kusamehe. Mimi niliitwa pia, kwa niaba ya familia, tukaketi katika ofisi ya hospitali, wazee upande mmoja, daktari karibu na dirisha.

Mshauri alisema ameshamuuliza mama, na mama amesema hawezi kusimama nyumba moja na mtu yule. Alisema jibu la mama ndilo jibu lake. Mzee mmoja akaeleza kwa utulivu, kama anayemfundisha mtoto, kwamba kinyongo ni sumu, na kwamba kazi ya Mshauri ni kuponya watu, si kuwafuga na hasira zao.

Mshauri alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mzee wangu, aliyechoma yuko tayari kusema kwamba alichoma?"

Mzee akasema kwamba hayo yangefungua mambo mengi, na majina mengi, na pengine serikali.

"Kwa hiyo mnataka mama huyu asamehe jambo ambalo hamtaki kukiri kwamba lilitokea," alisema Mshauri. "Hiyo mimi siwezi kuiandaa. Sijui inaandaliwaje."

Wakamwambia anafundisha chuki. Hapo alisimama. Akasema kwamba hasira ya mama ndiyo kitu pekee alichotoka nacho kwenye ile nyumba pamoja na jembe, na kwamba hatamnyang'anya ili kwaya iimbe vizuri. Sauti yake ilitetemeka, nami nilifurahi kuisikia ikitetemeka, kwa sababu kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu mwingine aliyekasirika kwa niaba yetu, tena mbele yao. Nilimtazama daktari. Alikuwa mtu aliyemheshimu Mshauri, aliyekuwa akimsifu hadharani kwa kazi yake. Alitazama nje dirishani.

Yule mzee ndiye aliyemfuata chumbani baada ya kikao kumtaka ayatafakari maneno yake, na ndiye aliyetolewa kwa gambuti. Haukupita muda halmashauri ya hospitali ikaona kwamba kazi ya ushauri inaweza kufanywa na mchungaji. Mshauri akaambiwa aondoke. Chumba kikawa stoo ya vitanda vilivyovunjika. Mzee wa Burma alikuja siku yake ya kawaida, akakuta vitanda, akakaa chini nje ya mlango mpaka mfagizi alipomwinua.

Ibada ya upatanisho ilifanyika hata hivyo, bila mama. Baba mdogo alisimama peke yake mbele, akasema amemsamehe shemeji yake. Amemsamehe! Watu wakaitikia amina. Nilitoka katikati ya wimbo, na kanisa lile sijaingia tena.

Mshauri alirudi kwao Manga, kwenye kipande chake cha chai juu ya kilima. Tulidhani amekwisha. Lakini watu walipanda njia zile za miguu kumfuata. Hakuwa na chumba tena, kwa hiyo aliwasikiliza wakiwa wanachuma chai, kila mmoja mstari wake, wakitazama mbele. Alisema kuna mambo husemeka vizuri zaidi mtu asipotazamwa usoni na mikono ikiwa na kazi. Waliotaka kukaa walikaa. Waliotaka kunyamaza walichuma na kwenda zao. Wengine walimletea mboga za chinsaga au mkungu wa ndizi. Uchungu wa kufukuzwa haukumwisha, wala hakuuficha; akipita mtu wa halmashauri njiani, alimpa mgongo.

Niliendelea kumtembelea miaka hiyo yote. Nilikuwa nimehamishiwa shule moja karibu na Keroka, sizimii tena, napika kwa kuni. Mwishoni mwa miaka ya sabini mama alikufa, kitandani mwake, katika kibanda cha milango miwili. Baba mdogo hakuja mazishini. Miezi michache baada ya mazishi nilipanda Manga kumwona Mshauri, asubuhi moja ya likizo.

Nilipotokea kwenye chai yake niliona mtu ameketi naye kwenye benchi la nje, ameinama, kofia mikononi. Nilidhani ni mzee yeyote. Akainua uso. Alikuwa baba mdogo.

Sijui nilisimama pale muda gani. Mshauri aliniona, akamgeukia, akamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba watakomea hapo kwa leo. Mzee akainuka kwa shida, mguu mmoja ulikuwa umelemaa, akashika njia ya kushuka bondeni. Hakupita karibu nami.

Nilimuuliza Mshauri mtu yule amekuwa akija tangu lini. Akasema tangu baada ya mazishi ya mama. Nikauliza anasema nini. Akasema hilo hataniambia, kama vile yeye asivyoambiwa yangu. Nikamwambia kwamba mtu huyu alingoja mama afe. Angeweza kuja miaka yote ile, mama yu hai, ana masikio. Alingoja mpaka hakuna tena wa kumjibu, ndipo akaja kulia kwenye benchi la mtu aliyepoteza kazi kwa ajili yake.

"Ni kweli," alisema. "Alingoja."

Nilitaka anibishie. Nikamwambia achague, mimi au yeye.

Mshauri alikohoa kile kikohozi chake. Alikuwa amezeeka, sikuwa nimeliona mpaka asubuhi ile. "Akiondoka huwa nakwenda nyuma ya nyumba natapika," alisema. "Simpendi, mwalimu. Sijawahi kumwambia kwamba amesamehewa, wala sitamwambia, si langu kutoa. Lakini ana jambo ambalo hajawahi kulisema kwa kinywa chake, na bila kulisema atakufa nalo, na wenzake waliokuwa naye watakufa nalo, na itakuwa kana kwamba mama yako alijichomea nyumba. Siwezi kumfukuza kabla hajalisema. Wewe ukitaka kutokuja, usije. Nitaumia, lakini usije."

Niligeuka nikaondoka, mwili wote unawaka.

Njia ilikuwa ileile moja. Katikati ya mteremko nilimkuta baba mdogo, maana alikuwa akienda taratibu kwa ajili ya ule mguu. Alisikia hatua zangu. Akasogea pembeni kwenye nyasi kunipisha, akavua kofia, akafungua kinywa. Kwetu, mtoto hapiti mbele ya baba yake mdogo bila kumsalimu. Hilo tunafundishwa kabla hatujajua kutembea sawasawa. Nilipita. Sikumsalimu, na mpaka leo sioni kwamba nilikosea.

Nilipofika chini nilitazama juu. Mshauri alikuwa amesimama ukingoni mwa chai yake, anatuona sote wawili. Alikuwa na sauti ya kutosha kufika pale nilipokuwa na kuvuka bonde. Hakuniita.